Macho Mekundu: Uhakiki wa Picha Tisa za Lamadi

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri. Picha ninazotaka kuzihakiki hapa zilipigwa na mshikaji wangu, na maneno yaliyobandikwa chini ya kila picha niliyaandika mimi. Kwa hiyo usinichukulie kama hakimu. Nichukulie kama shahidi ambaye naye alikuwemo. Jina la mshikaji silitaji, na chuo chake silitaji, maana kosa nitakalolieleza ni letu wawili, na ruhusa ya kulieleza amenipa mwenyewe. "Andika," aliniambia, "ila usinipake mafuta."

Picha zenyewe ni tisa. Zilikuwa kazi yake ya mwaka wa mwisho chuoni Dar es Salaam, mwaka 2018. Sharti lilikuwa moja: piga picha za watu wa kwenu, kisha uzifanyie kazi kwenye kompyuta mpaka ziseme jambo ambalo kamera peke yake isingeweza kulisema. Kwao ni Lamadi, kama ilivyo kwetu. Akapanda basi, akakaa nyumbani likizo nzima, akawapiga picha bibi wanane. Ya tisa haina uso wa mtu. Hiyo nitaifikia baadaye, na nawaomba msiisahau.

Wengi wenu mmeipita Lamadi bila kushuka. Ni pale barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapokutana na ile inayotoka Bariadi. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke na mitumbwi yake, upande wa pili mashamba ya pamba, na ukisonga mbele kidogo unafika lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Zamani tulikuwa Wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Tangu 2012 tuko Busega, mkoa wa Simiyu. Magari ya watalii yanapita kila siku, kamera ndefu zikisubiri simba. Mshikaji ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiigeuzia kamera upande wa huku, kwenye majiko ya bibi zetu. Kwa hilo tu anastahili pongezi, kabla hatujaanza kugombana naye.

FANI

Tulivyofundishwa shuleni, uhakiki huanza na fani, halafu maudhui. Nami nitafuata njia hiyohiyo, ingawa hapa mbele mtaona jinsi ilivyonipoteza.

Chukua picha ya nne, maana ndiyo iliyozua yote. Bibi amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake. Amejifunga kitenge chake cha kutokea, kichwani kilemba cheupe. Mikono iko magotini. Jua linazama nyuma yake. Hadi hapo ni picha ya kawaida, nzuri, ya kutuma kwa ndugu. Sasa tazama kazi ya kompyuta. Anga ya jioni imeondolewa, na mahali pake yamewekwa mawingu mazito yaliyopigwa siku nyingine juu ya ziwa. Uso wa bibi umetiwa giza kidogo kidogo kuanzia pembeni, mpaka unabaki na mwanga kwenye mashavu tu. Nyuma ya nyumba, katikati ya minyaa, kuna fisi. Fisi huyo alipigwa mbugani na dereva wa watalii aliyetupa picha yake. Kivuli cha fisi kimelazwa upande uleule wa kivuli cha kigoda, kwa hiyo jicho halipati pa kushikia. Na mwisho kabisa, macho. Weupe wa macho ya bibi, ambao kweli ulikuwa na wekundu, umekolezwa rangi mpaka unawaka.

Nieleze kidogo hapa kwa wale ambao hawajawahi kukaa mbele ya programu hizi. Karibu zote zina zana ya kuondoa macho mekundu. Hiyo ni kwa ajili ya mboni, kwa sababu mwanga wa flashi ukigonga mishipa ya damu iliyoko nyuma ya jicho hurudi ukiwa mwekundu, na mtu anatoka kwenye picha kama jini. Unabofya, wekundu unaondoka. Mshikaji alifanya kinyume, tena si kwenye mboni bali kwenye weupe wa jicho. Alichagua eneo dogo kama punje ya mchele, akakoleza, akapunguza, akakoleza tena. Usiku mzima kwa macho mawili.

Kama ni ufundi, ni bomba. Chuoni walipiga makofi. Mwalimu mmoja alisimama mbele ya picha hiyo dakika nzima bila kusema neno. Na mimi, mwandishi wa maelezo, nilikuwa nimeweka chini yake neno moja tu: "Wanasema." Nilijiona nimemaliza kila kitu.

JE, KUCHAKACHUA PICHA NI UONGO?

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe njiani hoja moja ambayo kila picha ya namna hii ikionyeshwa lazima itokee mtu wa kuisema. Kwamba picha ikishaguswa na kompyuta ni uongo, basi, hakuna la kujadili. Hoja hii inasemwa kama vile uongo wa picha ulizaliwa mwaka 1990, Photoshop ilipoanza kuuzwa. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunapaswa kuwa wa mwisho kuisema.

Nenda Mombasa. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni walikuwa na vibanda vyao, na ndani ya vibanda mapazia yaliyochorwa kwa rangi: meli, ndege, majumba marefu. Kijana wa bara aliyekuja pwani kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ya kuchorwa, akapigwa picha, akaituma kwao. Je, aliwadanganya? Mama yake alijua fika kwamba mwanawe hajapanda ndege. Alichokipokea ni salamu: niko hai, na haya ndiyo ninayoyaota.

Nenda Lamu. Tangu miaka ya 1960 Omar Said Bakor alikuwa na studio yake pale, akikata picha kwa mkasi, akizibandika juu ya nyingine, kisha akizipiga upya, mpaka mtu akatokea mahali ambapo hajawahi kusimama. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na mkasi, gundi na chumba cha giza. Leo kazi zake zinasomwa na watafiti kama sanaa, lakini wakati ule zilikuwa huduma. Mteja aliingia, akalipa, akaondoka na picha yake.

Na wako wengi mnaokumbuka kisa cha mwaka 2016, cha dada mmoja wa Kenya aliyesambaza picha zake akiwa "China". Zilikuwa zimebandikwa vibaya kweli kweli, miguu inaelea, mwili mmoja unahamishwa kutoka mandhari hii kwenda ile. Mitandaoni watu walicheka hadi machozi. Halafu likatokea jambo ambalo mtunzi wa riwaya angeogopa kuliandika: wasamaria walichangishana, na yule dada akapelekwa China kweli. Picha ya uongo ikamtangulia, yeye akaifuata.

Hao watatu, kijana wa Likoni, mteja wa Lamu na dada wa 2016, wana kitu kimoja. Aliyegeuzwa ndiye aliyetaka kugeuzwa. Picha ilikuwa yake. Kama kuna aibu, ni yake. Kama kuna raha, ni yake pia.

Sasa linganisha na kisa kingine, cha mbali lakini cha karibu na picha yetu ya nne. Mwezi Juni 1994, jarida la TIME la Marekani liliweka kwenye jalada lake picha ya polisi ya O. J. Simpson, mchezaji mashuhuri aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji. Picha hiyohiyo ilikuwa kwenye jalada la Newsweek wiki ileile. Tofauti ni kwamba ile ya TIME ilikuwa imetiwa giza. Ngozi ilikuwa nyeusi zaidi, pembe za picha nyeusi zaidi. Kwa muuza magazeti zikakaa bega kwa bega, na kila mtu akaona. Kesi ilikuwa hata haijaanza kusikilizwa, lakini rangi ilikuwa imeshatoa hukumu.

Kuitia giza sura ya mtu ili aonekane mwovu. Mshikaji hakuwahi kuliona jalada hilo, lakini kompyuta yake ilimfikisha palepale.

MAUDHUI

Tufike kwenye maudhui, na hapa wasomaji wa Usukuma wameshaelewa ninakoelekea. Wa kwingine nawaeleza.

Huku kwetu kuni ni shida. Ukishavuna pamba unang'oa miti yake, unaikausha, unapikia. Ikiisha unapikia mavi makavu ya ng'ombe. Jiko liko ndani, mafiga matatu, dirisha dogo au hakuna. Mwanamke anaanza kupuliza moto akiwa na miaka saba, anaendelea mpaka sabini. Moshi huo unaingia machoni kila siku ya Mungu. Akifika uzeeni, macho ni mekundu. Hiyo ndiyo sababu yote, haina siri ndani yake.

Lakini kwa miaka mingi, na hasa tangu miaka ya 1970, bibi wa Usukuma wenye macho mekundu wameitwa wachawi, na wengi wameuawa kwa mapanga usiku. Mtoto akifa kwa malaria, ng'ombe akianguka, mvua ikigoma, watu wanamtafuta wa kumbebesha. Wakati mwingine nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Sheria ya uchawi ipo tangu wakati wa mkoloni, 1928, nayo inakataza kumtuhumu mtu hadharani. Lakini panga halisomi sheria. Na fisi, kwa hadithi tulizolelewa nazo, ndiye mnyama ambaye mchawi humfuga na kumpanda usiku.

Sasa rudi kwenye picha ya nne. Macho mekundu. Fisi. Wingu. Giza usoni. Chini yake neno: "Wanasema."

Dhamira ya mshikaji ilikuwa safi kabisa, na naiapia. Alitaka kuukebehi ushirikina. Alitaka mtazamaji aone jinsi jamii inavyomtazama bibi, ashtuke, ajihukumu. Macho yale si macho ya bibi, alisema, ni macho ya majirani zake wanavyomwona. Chuoni kila mtu alilielewa hilo bila kuelezwa. Kwa nini? Kwa sababu pale Dar hakuna aliyemjua bibi yule. Walimwona kama mhusika tu.

Halafu tukafanya jambo ambalo tulilidhani ni la heshima. Tukazirudisha picha nyumbani. Jumamosi moja tukazitundika kwenye ukumbi mdogo jirani na stendi ya Lamadi, kiingilio bure, soda kwa wazee. Watu walikuja, na kwa Lamadi walikuwa wengi. Wapiga debe, akina mama wa samaki, vijana wa bodaboda, watoto wa shule. Mwanzoni vicheko: "Huyu si bibi wa nanihii!" Walizijua nyuso zote nane. Kisha wakafika kwenye picha ya nne na vicheko vikapungua.

Nilikuwa nimesimama karibu nikisubiri sifa. Kijana mmoja, wa umri wetu, akamgusa mwenzake bega, akasema kwa sauti ya chini, si ya mzaha: "Umeona? Kamera imemwona."

Nililisikia kwa masikio yangu. Nilitamani kumwambia kwamba kamera haikuona chochote, kwamba ni programu, kwamba fisi tulipewa na dereva. Nilipofungua mdomo nikaona upumbavu wangu. Kwake yeye picha ni picha. Pasipoti ni picha, kitambulisho ni picha, mtuhumiwa gazetini ni picha. Tulikuwa tumemletea ushahidi, tukautia fremu, na mimi nikaandika chini yake neno lilelile ambalo kila uvumi wa kuua huanza nalo.

BIBI MWENYEWE

Bibi wa picha ya nne alikuja saa kumi jioni, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Tukampokea: "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akacheka na sisi kwa kuwa saa hizo si za salamu ya asubuhi. Akazungushwa ukumbi. Aliwatambua wenzake wote, akawataja kwa majina, akawatania. Kisha akasimama mbele yake mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alisogea karibu sana, kama anavyosogea mtu asiyeona vizuri. Akaweka kidole kwenye kioo, pale penye minyaa.

"Huyu ni mbwa?"

Mshikaji akanyamaza. Mjukuu akasema ni fisi.

"Mimi fisi sifugi, mjukuu wangu," akamwambia mshikaji. "Uliponiomba picha ulisema ni ya shule. Nikavaa kitenge. Huyu ametoka wapi?"

Ndugu wasomaji, nimesoma vitabu vya nadharia ya uhakiki, vichache lakini nimesoma. Sijakutana na swali zito kuliko hilo. Lilikuwa swali la fani na la maudhui kwa pamoja, na ndipo njia yangu ya shuleni iliponipoteza, maana nilikuwa nimeitenga fani upande wake, nikaisifu vivuli vyake, nikaahirisha maudhui. Kumbe kile kivuli kilicholazwa vizuri ndicho kilichokuwa hatari. Fisi aliyebandikwa vibaya, miguu inaelea kama ya yule dada wa China, angechekwa na ukumbi mzima na bibi angelala salama. Ufundi ndio uliomfanya fisi aaminike.

Picha ya nne iliteremshwa jioni ileile. Mshikaji alilifuta faili lake, na nakala ya karatasi tukaichoma nyuma ya ukumbi. Kesho yake baba mdogo wa mshikaji, mtu anayesikilizwa pale kijijini, alizunguka na bibi nyumba kwa nyumba kwa majirani, akaeleza mbele yake jinsi picha ilivyotengenezwa. Mshikaji akabeba kompyuta yake na kuwaonyesha: hapa fisi yupo, hapa hayupo. Namshukuru Mungu kwamba hakuna lililotokea. Lakini kwamba hakuna lililotokea si sifa yetu.

MBONA MACHARIA ALIWEZA?

Mtu ataniuliza: kwa hiyo bibi wasiguswe? Waachwe na vigoda vyao na jua likizama? Hapana. Mkenya Osborne Macharia amewagusa, na kwa nguvu zaidi kuliko mshikaji. Alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo pale JKUAT kabla ya kuhamia kwenye kamera. Katika mfululizo wake uitwao Nyanye, neno la Sheng la bibi, amewavika bibi mavazi ya ajabu na kuwabunia maisha: ati walikuwa vigogo wa serikali na makampuni miaka ya 1970, sasa wamestaafu, wanatanua Afrika nzima. Kila kitu pale ni cha kubuni, na kompyuta imefanya kazi yake mpaka picha zinang'aa kama chuma kipya.

Kwa hiyo kiasi cha kuchakachua hakitofautishi kazi hizi mbili. Kwa Macharia bibi wanaigiza, na anayetazama anajua ni maigizo. Hakuna mtu Nairobi atakayemvamia bibi usiku kwa sababu kwenye picha alivaa miwani mikubwa. Kwa mshikaji bibi hakujua kwamba yumo kwenye igizo, na sehemu aliyopewa ni ileile ambayo majirani walikuwa tayari kumpa.

Msinielewe vibaya. Sisemi msanii awarembe watu tu. Ukitaka kujua shida za uzee, Nyanye haitakusaidia sana, haina hata sufuria. Wala sisemi kila anayechorwa aombwe ruhusa. Gado, Mtanzania aliyewachora marais wa Kenya na wa dunia nzima kwa miongo mingi, angeomba ruhusa tusingekuwa na katuni hata moja. Rais ana walinzi, ana msemaji, ana redio ya kumjibu mchoraji. Bibi wa Lamadi ana mlango wa mbao na komeo la waya. Kadiri mtu anavyokosa njia ya kujibu, ndivyo tunavyodaiwa zaidi kabla ya kumgeuza.

SISI WAANDISHI TUNACHEKA NINI?

Najua wengi wenu hamna kamera. Mna kalamu, mnaandika hadithi fupi, mnatafuta pa kuzichapa. Msidhani haya hayawahusu. Sisi ndio wachakachuaji wa kwanza. Tunamchukua jirani, tunampa fisi, tunamtia wingu, tunabadilisha jina lake kutoka Kabula kuwa Kalunde, tunajiosha mikono. Mjini inatosha. Kijijini, mwenye mguu mmoja na duka la mafuta ya taa ni mmoja tu, hata umwite nani.

Tangu Jumamosi ile, kabla sijamaliza hadithi najiuliza mambo matatu. Huyu niliyemchukua, anajua nimemchukua? Atakayesoma, atajua kwamba fisi nimempachika mimi? Na hadithi hii ikirudi nyumbani, nani atalipa nikikosea, mimi au yeye? Nikiona jibu la tatu ni "yeye", naacha kuandika siku hiyo. Si lazima niitupe. Mara nyingi nagundua ipo njia nyingine ya kulisema jambo lilelile, njia ambayo sikuitafuta kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa inang'aa.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka. Kazi iliyomchukua mshikaji usiku mzima mwaka 2018, leo simu yenye akili mnemba inaifanya kabla chai haijapoa. Kijana yule aliyesema "kamera imemwona" anaweza kumtengeneza fisi wake mwenyewe.

PICHA YA TISA

Niliahidi kurudi kwenye picha isiyo na uso. Ilikuwa imetundikwa mwisho, karibu na mlango, na chuoni watu waliipita wakielekea kwenye vitafunwa.

Mshikaji aliweka kamera kwenye kona ya jiko la bibi mmoja, akaipiga picha kila baada ya muda, tangu moto unapowashwa mpaka ugali unapoiva. Kisha akazilaza picha zote, moja juu ya nyingine, kwenye kompyuta. Kilichotokea ni moshi. Moshi wa jioni nzima umekusanyika katika picha moja, mzito kama pamba iliyoshindiliwa kwenye gunia, umejaza jiko kutoka sakafuni mpaka kwenye makuti. Ndani yake unaona mikono miwili ikisonga ugali, imerudiwa mara nyingi mpaka imekuwa kama mbawa. Jicho la mtu halionekani popote.

Hii nayo imechakachuliwa. Moshi wa namna ile hakuna aliyewahi kuuona kwa mara moja, maana jicho huona wa dakika hii tu na wa dakika iliyopita umeshatoka. Lakini huo ndio moshi ambao bibi ameuvuta. Kompyuta imetuonyesha jambo la kweli ambalo kamera peke yake isingeweza kulisema, sawasawa na sharti la mwalimu. Hapo ndipo mshikaji alipofaulu, na alifaulu asipojua. Picha nane zilikuwa zikiuliza kwa nini macho ni mekundu na kujibu kwa fisi. Ya tisa ilijibu kwa moshi.

Na nawaambia, Lamadi waliielewa. Akina mama walisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mmoja alikohoa kwa mzaha, wenzake wakaangua kicheko. "Huyu moshi ni wa kwangu," alisema, "mmeuiba jikoni kwangu." Sikumsikia yeyote akinong'ona.

Maelezo yangu chini ya picha hiyo yalikuwa marefu, ya kishairi, na hayakuwa na kazi. Ningekuwa na akili ningeandika saa tu: moto uliwashwa saa kumi na mbili, ugali ukaiva saa moja na nusu.

Mshikaji alikwenda kuomba radhi kwa bibi wa picha ya nne peke yake, bila mimi. Bibi alimsikiliza, akamkaribisha uji, kisha akaingia ndani akatoka na kitambulisho cha zamani cha ushirika wa pamba, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Juu yake palikuwa na picha ndogo ya marehemu mume wake. Hawakuwahi kupigwa picha pamoja. Akauliza kama ile kompyuta iliyoweza kumleta fisi inaweza pia kumleta mzee.

Wakaifanya kazi hiyo kwenye steshenari ya stendi, siku hiyohiyo. Mzee amewekwa kushoto, ameketi kwenye kiti ambacho hakikuwa chake. Kivuli chake kimeangukia upande tofauti na cha mkewe, na shati lake ni la kijivu wakati kitenge cha bibi kina rangi zote. Mshikaji alitaka kurekebisha, bibi akasema inatosha. Alipojitolea kuyafanya macho ya bibi yawe meupe, kama zawadi, bibi akamshika mkono uliokuwa juu ya kipanya.

"Yaache," akasema. "Ni ya moshi. Mzee alinijua nayo."